Kuongeza Nguvu za Prado, Land Cruiser na Pajero za Dizeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wenye magari makubwa ya dizeli kabla hawajagusa injini, na mengine huulizwa wakiwa wameshachelewa. Majibu yanahusu magari ya Mombasa na Pwani: yanayokaa foleni Changamwe jua la saa nane, yanayopanda Mazeras na mzigo, na yanayolala hatua chache kutoka baharini.

Injini ya dizeli huongezewa nguvu vipi hasa?

Kwa kuchoma dizeli nyingi zaidi na kuipa hewa ya kutosha iungue yote. Basi. Kila kinachouzwa kwa jina la nguvu, kuanzia kiboksi cha waya hadi tabo kubwa (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani ya silinda), hufanya moja kati ya hayo mawili. Dizeli ni rahisi kuiongeza, na hapo ndipo hatari ilipo: ikizidi hewa iliyopo, hugeuka moshi mweusi na joto badala ya nguvu. Kuunguza kilo 1 ya dizeli kunahitaji kilo 14.5 hivi za hewa, lakini ndani ya silinda vitu hivi haviwahi kuchanganyika sawasawa. Ndiyo maana ukishuka chini ya kilo 18 hivi za hewa kwa kilo 1 ya dizeli, masizi huanza kuonekana nyuma ya gari.

Unachokihisi mgongoni ukikanyaga ni torki, yaani nguvu ya kusokota, inayopimwa kwa Nm. Hesabu yake ni hii: zidisha torki kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Torki ya Nm 450 kwenye mizunguko 2,400 ni kilowati 113. Ipandishe hadi 500 palepale, ni karibu 126. Kwa gari la kuvuta na kupanda, ongezeko hilo la chini na la kati lina maana kuliko namba kubwa ya mizunguko 4,000, ambako dereva wa dizeli hafiki mara kwa mara.

Gari langu lilikuwa na nguvu, sasa limezorota. Rimapu italiponya?

La. Rimapu ni kuandika upya maagizo yaliyo kwenye kompyuta ya injini. Huongeza juu ya kilichopo, haitibu ugonjwa. Gari lililozorota linahitaji kwanza kurudishiwa nguvu lililotoka nayo kiwandani, na mara nyingi mwenyewe akiipata hiyo huridhika akaenda zake.

Anza na filta ya dizeli. Ikiziba, gari hukimbia vizuri mjini, lakini likipanda na mzigo hukosa pumzi, kwa sababu shinikizo la dizeli kwenye reli (bomba linalozigawia dizeli injekta, yaani sindano zinazoipuliza ndani ya silinda) huanguka pale hasa dizeli inapotakiwa kwa wingi. Ibadilishe kila kilomita 10,000, na umwage maji yaliyotuama chini yake mara kwa mara. Filta ya hewa nayo itoe, uiangalie dhidi ya taa ya tochi. Kama mwanga haupenyi, usiipulize ukairudisha, nunua nyingine.

Kisha tafuta hewa inayovuja kati ya tabo na injini. Mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (rediata ya kupoza hewa ya tabo) hupenda kupasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Pitisha kidole chini yake. Kikitoka na oili iliyoshika vumbi, ufa uko hapo hapo. Kipimo cha uhakika ni kuziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu, injini ikiwa imezimwa, kuingiza hewa ya kompresa polepole bila kuzidisha bar 1, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila klipu. Povu litakuonyesha. Uvujaji huu hufanya tabo izunguke kasi kupita kawaida ili kufidia, na ukiweka rimapu juu yake unaisukuma tabo hiyo kwenye kaburi lake.

Mwisho, afya ya injini yenyewe. Ikiwa moto na inanguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kuongezea oili ukiache kimekaa juu ya tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikiruka, au moshi ukitoka kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka na hakuna cha kuongeza hapo mpaka injini ifunguliwe.

Nina Prado yenye injini ya 1KD. Nimeambiwa nianze na injekta. Kwa nini?

Kwa sababu 1KD-FTV, ile ya lita 3.0 iliyo kwenye Prado za 120 na Hilux nyingi, ina udhaifu mmoja unaoua injini nzima, na rimapu huuharakisha.

Chini ya kila injekta kuna washa (pete bapa) ya shaba inayozuia gesi za mwako zisipande. Washa hiyo ikichoka, gesi hupenya na kuingia kwenye oili. Masizi huigeuza oili kuwa kama lami, lami hiyo hujikusanya kwenye chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ya oili hunyonya isipate kitu, na injini hukwama ikiwa njiani. Dalili za mapema ni mbili: asubuhi taa ya oili huchelewa kuzimika baada ya kuwasha, na injini hugonga kwa sekunde chache ikiwa baridi kisha ikanyamaza. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya nguvu, shusha sampu ulitazame chujio kwa macho yako. Likiwa na chembe nyeusi ngumu, safisha, badilisha washa zote nne na sili zake, na oili ibadilishwe tena baada ya kilomita 1,000 ili kutoa uchafu uliolegea. Washa za kisasa zina mpako mweusi; hizo ndizo za kuweka. Za shaba zilizokwisha kutumika hazirudishwi, hata zikionekana nzima.

Baada ya hapo unganisha skana, usome marekebisho ya dizeli ya kila silinda injini ikiwa moto na bila kukanyagwa. Kompyuta huongeza au kupunguza dizeli kwa kila injekta ili injini izunguke kwa ulaini. Thamani zikiwa kati ya -3 na +3, injekta zinaendana. Moja ikisoma +4.5 na nyingine -4, usiendelee. Injekta inayomwaga dizeli ovyo huchoma pistoni mahali pamoja mpaka ipasuke, na ukiipa maagizo ya kupuliza dizeli kwa asilimia 20 zaidi unajua mwisho wake. Ukiweka injekta mpya, herufi na tarakimu zilizochongwa juu ya kila moja lazima ziingizwe kwenye kompyuta kwa mpangilio wa silinda. Fundi anayesema hilo si muhimu, mwachie gari la mwingine.

Injini nyingine je?

1KZ-TE ya Prado za 90 na Surf za zamani ina silinda hedi ya aluminiamu inayopasuka injini ikipata joto kupita kiasi. Inakubali nyongeza ndogo tu, na tu kama mfumo wa kupoza ni mzima kabisa. ZD30 ya Nissan Patrol ina historia mbaya ya kuunguza pistoni. Hiyo usiipandishe bila kuweka geji ya joto la moshi na geji ya presha ya tabo kwanza. 4M41 ya Pajero, lita 3.2, ni injini yenye nguvu, lakini sikiliza mnyororo wa taimingi upande wa mbele: ukisikia mkwaruzo injini ikiwa baridi, hapo ndipo pesa ziende. 1GD-FTV ya lita 2.8, iliyo kwenye Prado, Fortuner na Hilux kuanzia mwaka 2015, hukubali rimapu vizuri. Toyota wenyewe waliipandisha mwaka 2020 kutoka kilowati 130 na Nm 450 hadi kilowati 150 na Nm 500. Lakini hawakubadilisha programu peke yake. Tabo nayo ilibadilishwa, pamoja na vipuri vya ndani. Anayekuahidi namba hizo za 2020 kwenye gari la 2016 kwa kompyuta tu anakuomba wewe ubebe hatari ambayo kiwanda hakikutaka kuibeba.

Nitarajie ongezeko kiasi gani?

Kwa injini ya komoni reli (ambayo injekta zake zote hulishwa na reli moja) yenye tabo, iliyo nzima, rimapu ya kiasi huleta asilimia 15 hadi 25 ya nguvu na torki. Kwa matumizi ya Pwani, 15 ndiyo tunayoipendekeza, na sababu yake iko kwenye swali la joto hapo chini. Injini isiyo na tabo haipati kitu cha maana.

Dai lolote la ongezeko lidai karatasi mbili za daino (mashine ya kupima nguvu ya gari): moja kabla, moja baada, gari lilelile, siku ileile, gia ileile. Karatasi moja ya baada haithibitishi chochote.

Kiboksi cha kuchomeka au rimapu?

Kiboksi cha bei nafuu hukaa kati ya sensa ya shinikizo la reli na kompyuta, kikiidanganya kompyuta kwamba shinikizo liko chini. Kompyuta nayo hulipandisha. Dizeli inaongezeka kweli, na gari linavuta. Tatizo ni kwamba sasa pampu, reli na injekta zinafanya kazi juu ya kile kinachoonekana kwenye skana, ulinzi uliowekwa kiwandani umepofushwa, na wakati wa kupuliza dizeli haukurekebishwa kuendana na wingi mpya. Faida yake ni kwamba kinachomoka kwa dakika tano.

Rimapu nzuri hugusa kila kitu kwa pamoja: wingi wa dizeli, muda wa injekta kukaa wazi, pembe ya kuanza kupuliza, presha ya tabo, kikomo cha moshi na kikomo cha torki. Rimapu mbaya huongeza wingi wa dizeli na kuacha mengine, na hiyo ni sawa na kiboksi isipokuwa haichomoki. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeandika faili ni hili: umebadilisha jedwali zipi? Akishindwa kukutajia, ondoka.

Siku ya rimapu inakwendaje?

Gari lifike na oili isiyozidi kilomita 2,000, filta mpya, tangi lenye dizeli ya kutosha, na betri nzima. Kabla ya chochote, soma makosa yote yaliyohifadhiwa na uyaandike. Kisha liendeshwe likiwa na programu yake ya asili, skana ikirekodi presha ya tabo, shinikizo la reli linalotakiwa na lililopo, na joto la hewa inayoingia. Pengo kati ya shinikizo linalotakiwa na lililopo likionekana hapo tayari, kazi inasimama.

Faili la asili husomwa na kuhifadhiwa kabla ya kuandikwa jipya. Wakati wa kuandika, chaja imara iwe kwenye betri, volti zisishuke chini ya 13. Kiyoyozi, feni, redio na taa vizimwe. Kuandika kukikatika katikati kwa sababu ya volti, kompyuta inaweza kugoma kabisa ikabidi ifunguliwe mezani. Umeme wa gereji ukiwa wa kukatikakatika, chaja itumie betri nyingine kubwa kama akiba. Magari mengine ya Toyota yana kompyuta isiyosomeka kupitia soketi ya chini ya usukani. Hiyo hutolewa, na waya zake huunganishwa moja kwa moja. Ikirudishwa, sili yake ya kuzuia maji ichunguzwe, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haisamehe.

Baada ya hapo vipimo vilevile vinarudiwa. Ukiondoka bila rekodi ya kabla na baada, umelipia maneno.

Moshi mweusi ukitoka ni dalili ya nguvu?

Ni dalili ya dizeli uliyoinunua ikatupwa hewani. Wingu jembamba la nusu sekunde tabo inapoamka linavumilika. Moshi unaoendelea muda wote unapokanyaga maana yake dizeli imezidi hewa: kikomo cha moshi kimefunguliwa mno, au hewa inavuja, au sensa ya hewa ni chafu. Masizi hayo hayo hurudi kupitia EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), hujaza manifoldi (mabomba ya kuingizia) ya hewa, na hushika mabawa ya ndani ya tabo mpaka yanakwama.

Kila mtu anazungumza habari ya joto la moshi. Nipime vipi, na mwisho wake ni wapi?

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na ndicho watu wanachoruka kwa sababu hakiongezi nguvu hata moja. Geji ya maji kwenye dashibodi inakwambia habari za dakika tano zilizopita. Moshi unaotoka silinda hupanda kutoka nyuzi 350 hadi 750 ndani ya sekunde kumi za kupanda mlima, na sindano ya maji haijatikisika bado.

Weka kihisi cha aina ya K kwenye manifoldi ya eksozi kabla ya tabo, mahali ambapo moshi wa silinda zote umeshakutana, ncha yake ifike katikati ya mkondo. Manifoldi itolewe kwanza ndipo itobolewe. Chembe ya chuma iliyobaki ndani itaruka moja kwa moja hadi kwenye panga la tabo linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukiweka kihisi baada ya tabo kwa kuogopa kutoboa, kumbuka namba itasoma chini kwa nyuzi 100 hadi 200, na ukisahau hilo utajidanganya vibaya.

Kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu utaona 300 hadi 450. Ukipanda na mzigo, 600 hadi 650 ni sawa. Nyuzi 700 kwa muda mrefu ndio mwisho wa pistoni za aluminiamu. 750 iwe ya sekunde chache za kupita lori tu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haifikii joto la moshi kwa sababu oili na kuta za silinda huipoza, lakini uwezo huo una kikomo, na kingo za pistoni ndizo huanza kulika. Jaribio zuri la huku kwetu ni kupanda Kwale kutoka Kombani adhuhuri, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, abiria wakiwa wamejaa. Sindano ikipita 700 na kubaki huko, faili lipunguzwe. Wewe mwenyewe, papo hapo, shusha gia moja na ulegeze mguu: mizunguko ikipanda, hewa inaongezeka, joto linashuka.

Kwa nini mnasema Mombasa ni tofauti? Dizeli si dizeli?

Hewa ndiyo tofauti. Tabo ikibana hewa kwa bar 1 juu ya ile ya nje, hewa hiyo hupata moto. Ikiingia kwenye tabo na nyuzi 32, ambazo ni za kawaida hapa Februari na Machi, hutoka na zaidi ya 120. Ikiingia na 15, kama asubuhi ya Julai huko Nairobi, hutoka na kama 105. Kazi ya kushusha tofauti hiyo ni ya intakula, nayo inapozwa na hewa ileile ya joto. Kwa hiyo faili lililojaribiwa Nairobi asubuhi linatakiwa kujaribiwa tena hapa mchana.

Jambo la pili ni mwinuko. Hapa tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito na tabo haichoki. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya hii yetu, hivyo tabo lazima izunguke kasi zaidi kutoa hewa ileile. Kompyuta ina jedwali la kupunguza presha kadiri unavyopanda. Kuna waandishi wa faili wanaolizima jedwali hilo ili gari lisipungue nguvu. Gari hilo litakwenda vizuri Nyali na Mtwapa mwaka mzima, kisha safari moja ya kupandisha Nairobi na mzigo ikaivunja tabo. Uliza wazi kama jedwali la mwinuko limeguswa.

La tatu ni chumvi. Mapezi ya intakula na rediata huoza na kujaa ungaunga mweupe, hasa kwa magari yanayolala Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa bahari. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo na presha kali kila mwezi. Soketi za sensa zipakwe grisi ya umeme. Na usijaze rediata kwa maji ya kisima: mengi ya hapa yana chumvi, nayo hula aluminiamu kutoka ndani. Tumia kulanti na maji yaliyotolewa madini, nusu kwa nusu.

Thamostati usikubali itolewe. Ni mazoea ya zamani kwamba gari la nchi ya joto halihitaji thamostati. Bila hiyo maji hupita mbio bila utaratibu, injini hukaa baridi kwenye barabara kuu, dizeli haiungui vizuri, na silinda huchakaa. Gari linalochemka lina ugonjwa mwingine: feni yenye kuplingi iliyokufa, rediata iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha.

Intakula kubwa zaidi inafaa?

Kwa hali yetu ya hewa, hiki ndicho kipuri cha kwanza tunachokipendekeza, hata kabla ya rimapu. Kila nyuzi 10 unazozishusha kwenye hewa inayoingia huongeza uzito wake kwa asilimia 3 hivi, na joto la moshi hushuka nayo. Prado ya 1KD ina intakula juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kwenye foleni ya Kibarani inachemshwa na injini yenyewe. Ukiihamishia mbele inapata upepo, lakini nayo hulizibia rediata na kondensa ya kiyoyozi. Chagua yenye unene wa kiasi, na hakikisha feni zinavuta vizuri. Mabomba yawe mafupi, klipu ziwe zile za mkanda mpana wa bolti.

Eksozi kubwa?

Inchi 3 kutoka kwenye tabo kwenda nyuma zinatosha injini ya lita 3. Tabo huamka mapema, joto hupungua kidogo. Usitarajie zaidi ya hapo.

Land Cruiser yangu ni 1HZ. Naweza kuiwekea tabo?

Unaweza, kwa adabu. 1HZ ni lita 4.2, haina tabo kutoka kiwandani, na ndiyo iliyojenga jina la Land Cruiser za 70 Kenya nzima. Inadumu kwa sababu haijabanwa. Mbano wake ni zaidi ya 22 kwa 1 na dizeli huungua kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na hapo ndipo nyufa huanzia joto likizidi.

Presha ibaki psi 7 hadi 8, yaani kama bar 0.5. Joto la moshi kabla ya tabo lisipite nyuzi 650. Kabla ya kufunga, pima mbano wa silinda zote sita, na kama mkanda wa taimingi unakaribia kilomita 100,000 ubadilishe wakati huo huo. Pampu iwekewe kifaa cha kuongeza dizeli kulingana na presha ya tabo. Bila hicho, skrubu ya dizeli ikifunguliwa gari hutoa moshi likiwa chini kabla tabo haijaamka. Skrubu hiyo izungushwe moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, gari lijaribiwe, ndipo irudiwe. Robo mzunguko kwa mkupuo mmoja ni nyingi mno.

Niongeze dawa ya kuongeza nguvu kwenye tangi?

Hapana. Nunua dizeli safi. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya ina kiwango cha juu cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, na injini za kisasa zinaikubali. Adui ni mafuta ya taa yanayochanganywa ndani yake, uovu ulioifanya serikali iyatoze mafuta ya taa ushuru maalumu mwaka 2018. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu ya komoni reli haina kilainishi kingine isipokuwa dizeli yenyewe. Pampu ikianza kujikwangua, vumbi la chuma huingia kwenye injekta zote. Chukua dizeli kidogo kwenye chupa ya kioo, iache usiku mzima: maji yatatuama chini, na ute mweusi ukionekana katikati ni vimelea vinavyoota kwenye tangi lenye unyevu. Gari linalokaa siku nyingi bila kutembea liache na tangi lililojaa.

Nizibe EGR? Nitoe DPF?

Masizi ya EGR yakichanganyika na mvuke wa oili huwa tope gumu. Tumeona milango ya hewa ya 1KD iliyobaki na nafasi ya kupitisha kidole tu. Jibu lake ni kutoa manifoldi na kuisafisha kila kilomita 80,000 hivi. DPF (chujio la masizi kwenye eksozi) ya 1GD huziba kwa sababu ya safari fupi za mjini: haipati muda wa kujichoma. Ipe mwendo wa dakika 30 wa kilomita 80 kwa saa, kwenye barabara ya Kilifi, mara moja kwa wiki. Prado za 1GD zilizotoka Japani pia hutumia AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi), na tangi lake lisijazwe maji hata mara moja.

Kutoa vifaa hivi hatukushauri. Kanuni za Ubora wa Hewa zinahusu moshi wa magari pia, na watoto wa Mwembe Tayari wanavuta kile unachokiacha nyuma.

Giaboksi ya otomatiki itastahimili?

Kama oili yake haijawahi kubadilishwa, hapana. Torki ikiongezeka, klachi za ndani huteleza kabla hazijashika, na mtelezo ni joto. Badilisha oili ya giaboksi kabla ya rimapu, kwa aina ileile iliyoandikwa na kiwanda, kisha kila kilomita 50,000. Joto la kawaida ni nyuzi 80 hadi 95. Ikipita 120 oili inaungua. Kwa wanaovuta boti au trela, ongeza rediata ndogo ya oili ya giaboksi. Kwa gia za mkono, ukikanyaga gia ya tano kwenye mizunguko 1,800 na mizunguko ikapanda bila mwendo kupanda, klachi imekwisha.

Oili ya injini?

Kila kilomita 5,000 baada ya rimapu, bila kujali chupa inasema nini. 1KD huchukua karibu lita 7 pamoja na filta. Injini yenye DPF iwekewe oili yenye majivu kidogo. Na baada ya kupanda kwa nguvu, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyo kwenye shafti ya tabo hugeuka mkaa.

Baada ya rimapu gari limekata nguvu ghafla na taa imewaka.

Kompyuta imejihami. Soma kosa. P0087 ni shinikizo la reli lililo chini: rudi kwenye filta, kisha pampu. P0299 ni presha ya tabo iliyo chini: tafuta uvujaji. P0234 ni presha iliyozidi: kwa kawaida mabawa ya tabo yamekwama kwa masizi, au faili limeomba kisichowezekana. Kufuta kosa na kuendelea bila kutafuta chanzo ndiko kunakomaliza injini.

Sheria na bima?

Mwambie wakala wako wa bima kwa maandishi, kwa sababu mabadiliko yasiyotajwa ni sababu tosha ya kukataa kukulipa. Ukibadilisha injini nzima, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima waarifiwe, gari likaguliwe na namba mpya iingie kwenye logibuku.

Nikiuza gari, nirudishe programu ya asili?

Rudisha, au mwambie mnunuzi na umpe faili zote mbili. Faili la asili lihifadhi sehemu mbili tofauti, pamoja na namba ya kompyuta na tarehe. Mwambie pia fundi yeyote anayelihudumia gari, kwa sababu akisasisha programu kwa mashine ya kampuni, kazi yako yote itafutika, na gari litaonekana limepoteza nguvu usiku mmoja bila kuharibika chochote.